Pazia Fupi

Kitambaa cha pamba hulowekwa kwanza, kikaanikwa, kikapigwa pasi, ndipo kikakatwa. Hilo Mama Pindo alilijua kabla hajajua kuwasha jiko, maana mama yake alikuwa fundi cherehani na bibi yake vilevile. Lakini karani wa mtaa alimjia mbiombio, akataka pazia jeusi, pana, zito, tena kesho kutwa liwe tayari, na bei aliyoitaja ilikuwa ya kumtania mtu. Mama Pindo akanunua pamba ya rahisi, akakata, akashona. Haraka haraka haina baraka, na haraka ya ofisini ndiyo haina kabisa.

Lingepona hivyo hivyo, kama binti yake hangelimwagia chai ya maziwa asubuhi ya kuchukuliwa. Doa likakaa katikati, jeupe pe. Mama Pindo akalifua, akalianika juani, na lilipokauka akalikuta limerudi, ndivyo mafundi wasemavyo nguo ikiwa fupi baada ya kufuliwa. Akalipima. Akalipima tena, kana kwamba futi ndiyo iliyolewa. Limepungua shibiri nzima na ushee.

"Liko sawa?" karani aliuliza, ameshalikunja kwapani.

"Liko sawa," alisema Mama Pindo, na uso ukamwaka moto.

"Maana hili si la dirishani, mama. Ni la kuwaficha wale." Akiitaja ile "wale" karani alivuta mdomo kama aliyeng'ata limau. "Wakubwa wanakuja kesho kukusanya maoni juu ya muswada wa ukahaba, uruhusiwe au usiruhusiwe. Na wenyewe makahaba wataitwa waseme. Sasa hawataki kuonekana. Mchana wanataka heshima, hebu ona!"

Akaondoka anacheka. Mama Pindo alibaki kwenye cherehani yake pale barazani akijidanganya: wataweka meza mbele, nani atatazama chini?

Upande wa pili wa baraza, mumewe alikuwa amekumbatia buti la mtu, analigonga misumari. Hakuna mtoto wao aitwaye Pindo. Jina hilo mkewe alipewa na wateja, kwa kuwa pindo alilolishona yeye halikufumuka mpaka nguo ife. Mumewe naye, fundi viatu, aliitwa Gundi, na si kwa sababu ya kopo lililokaa miguuni pake. Akishika neno lake, Gundi habanduki.

"Hao nao wanahitaji pazia?" alisema bila kuinua kichwa. "Wangehitaji kazi."

Mama Pindo alikanyaga pedali ya cherehani. Mwezi uliopita, Kisu, muuza nyama wa njiapanda, na vijana wake walimtoa mwanamke mmoja katika chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga, wakamvua wigi, wakamtembeza mtaa mzima, na godoro lake wakalitia moto. Moshi wa lile godoro ulimfikia Mama Pindo hapa hapa kwenye cherehani. Tangu siku hiyo kila akisikia vijana wanacheka barabarani huacha kushona akachungulia, kwa sababu alijua jambo ambalo mumewe hakulijua. Mdogo wake wa tumbo moja, waliyeishi naye chumba cha pili, aliyemwita Gundi shemeji na kumpakulia chakula kwa mikono miwili, hakuwa mpishi wa hoteli hata siku moja.

*

Asubuhi ya mkutano mdogo wake aliingia jikoni amejitanda mtandio mpaka machoni.

"Dada, leo na mimi nasema."

"Unasema nini? Wapi?"

"Ukumbini. Wameniandika. Gari lao litatuchukua kule nyuma ya soko, tunaingilia mlango wa uani. Hakuna atakayetuona."

Mama Pindo aliuweka mwiko chini. "Una kichaa? Kisu atakuwepo. Shemeji yako atakuwepo, kiti cha mbele, amepewa nafasi ya kuzungumza!"

"Kisu hawezi kuona kupitia ukuta wa nguo. Na sauti wanaipitisha kwenye mashine ya kuigeuza." Mdogo wake akamshika mkono, mikono yake baridi kama imetoka kwenye maji. "Naogopa, dada, usidhani siogopi. Lakini yule wa nyuma ya mashine ya kusaga alikuwa rafiki yangu. Alikwenda kituoni akashtaki, wakamweka ndani yeye. Nikinyamaza, nani atasema? Tena nilipoambiwa pazia umelishona wewe, nikapata moyo. Kazi yako naijua."

Mama Pindo alifungua kinywa. Neno lilikuwa palepale kwenye ulimi: pazia fupi. Mlangoni kikasikika kikohozi, na Gundi akaingia, amevaa koti lake la harusi na misiba, anatafuta kifungo.

"Shemeji, hotelini leo mnaanza mapema?"

"Leo kuna wageni, shemeji."

"Haya, Mungu akutangulie."

Mdogo wake Mama Pindo akapita, akatoka. Mama Pindo alimtazama anavyokwenda, macho yakamshuka mpaka miguuni. Alivaa viatu vyake vyeusi vya kufunika, ndivyo pekee alivyokuwa navyo. Ukanda wa cha kulia ulikatika siku za mvua, na Gundi akamshonea bure, kama shemeji. Uzi mweusi ulikuwa umekwisha, akatumia wa kahawia. "Nani atakutazama miguu?" alisema siku ile, wakacheka wote watatu.

"Mdogo wangu, ngoja!"

"Mke wangu," alisema Gundi, ameshika kifungo, "kabla hujamkimbilia huyo, nishonee hiki. Nitasimamaje mbele za watu kifua wazi?"

Alishona kile kifungo huku anajichoma vidole. Alipotoka mbio barabarani, njia ilikuwa tupu.

*

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mbele, juu ya jukwaa, wakubwa wa kamati walikaa na chupa zao za maji, na pembeni ilisimama fremu ya chuma yenye magurudumu, iliyotundikwa pazia la Mama Pindo. Mbele yake hapakuwa na meza. Kutoka pindo hadi sakafuni palibaki uwazi wa kupita paka na mkia wake.

Mama Pindo alikaa karibu na mumewe, mstari wa kwanza. Alitamani mvua ya mawe ishuke, taa zizimike, jambo lolote.

Walianza wanaotaja majina yao. Nesi mstaafu alisimama akasema yeye amewashona wanawake wale vichwa na midomo miaka yote ya kazi yake, na kila akiwaambia waende kituoni wanamcheka, kwa kuwa kule mwenye kosa ni wao. "Ruhusuni, waje hospitali mchana," alisema. Wengine wakampigia makofi, wengine wakamzomea. Mwalimu wa dini akasema serikali ikiligongea jambo muhuri, mtoto hawezi tena kuambiwa ni baya. Kisha akanyanyuka mama mmoja muuza mboga, sauti yake ndogo. "Mimi nina mabinti wanne, na kazi hazipo. Hii nayo ikiitwa kazi, nitawazuia kwa neno gani?" Huyo hakuna aliyemzomea.

Gundi alipoitwa alisimama na koti lake, akakohoa.

"Mimi ni fundi viatu. Soli ikiisha nabandika nyingine. Mtu hana soli ya akiba. Mkiwaruhusu, mnawaambia wale wanaowanunua kwamba hawana hatia. Mimi sitaki. Na katika nyumba yangu hatakaa mtu wa kazi hiyo, hata awe nani."

Makofi yalitingisha mabati. Kisu alipiga mluzi kutoka nyuma. Gundi akakaa, akajifuta jasho, akamnong'oneza mkewe, "Nimesema vizuri?" Mama Pindo akatikisa kichwa kuitikia, shingo ngumu kama mti.

Hapo mlango wa nyuma ya jukwaa ukafunguliwa, kiti kikaburutwa. Mtu akaketi nyuma ya pazia, na chini ya pindo vikatokea viatu viwili vyeusi, vimebanana kama watoto wanaoogopa mbwa.

Kutoka mstari wa kwanza uzi wa kahawia ulionekana wazi.

"Mimi sikuja kuomba kibali," ilisema sauti, nzito, ya ajabu, kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. "Kibali kina picha. Nani atanipangisha chumba nikiwa na kibali hicho? Nimekuja kuomba jambo moja. Nikipigwa, niweze kwenda kituoni nikasema nimepigwa, nisiulizwe nilikuwa nafanya nini pale."

Mama Pindo hakumtazama mumewe. Alitazama mikono yake, ile mikono ya gundi na nta iliyolala juu ya magoti. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kinapapasa cha shahada, polepole, kama anayepima unene wa uzi. Kisha kikasimama.

Ameona.

"Wanaosema tutafute kazi," iliendelea sauti, "nilitafuta. Nilipika, nikafua, nikafagia. Kwa tajiri wa mwisho nililala jikoni, na alinijia bila kulipa. Huyo hamkumchomea godoro."

"Mwongo!" mtu alipiga kelele. Wengine wakamwambia anyamaze. Katika vurugu hiyo Kisu alijipenyeza hadi mstari wa pili na sauti yake ikapanda, imejaa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomtisha Mama Pindo kuliko hasira.

"Mwenyekiti! Mbona viatu vinaonekana? Jamani, tazameni viatu! Ukanda una uzi wa kahawia!"

Watu wakainama. Mstari baada ya mstari, vichwa vikashuka kama kwenye sala. Vile viatu vikarudi nyuma chini ya kiti, lakini pa kujificha hapakuwepo. Mwenyekiti aligonga meza, alisema shahidi analindwa, nani amsikilize?

"Si tunaye mwenye kujua?" alisema Kisu. "Fundi Gundi! Mtaa huu viatu vyote vinapita mikononi mwako. Simama utuambie. Hivyo ni vya nani?"

"Gundi! Gundi! Gundi!"

Alisimama. Vifungo vya koti vilimbana. Mama Pindo alihisi mkojo unataka kumtoka, mtu mzima na akili zake. Habanduki kwenye neno lake, huyu. Ameshasema hapa hapa, mbele ya wote: hata awe nani. Neno moja tu likimtoka, jioni mtandio wa mdogo wake utakuwa mikononi mwa vijana, na moshi utatoka chumba cha pili cha nyumba yao.

Gundi aliinama, akavitazama viatu kwa muda, kama anavyotazama kazi ya mteja mgomvi.

"Hivi?" alisema. "Kiatu cheusi, uzi wa kahawia? Mnanitukana. Mimi nishone uchafu kama huo?" Akasonya. "Si mkono wangu. Aliyeshona hivyo hajui kazi."

Akakaa. Watu wengine walicheka. Kisu hakucheka. Alibaki amesimama, amelaza kichwa upande, anamtazama fundi kisogoni.

Ni hapo Mama Pindo alipojikuta wima. Miguu ilimpeleka yenyewe mpaka jukwaani, akafungua kanga yake ya pili kiunoni, akachomoa pini kwenye kola alikozichomeka siku zote.

"Samahani, wakubwa," alisema. "Pazia ni kazi yangu. Sikuloweka kitambaa. Nimekosea."

Akapiga magoti, akaanza kuibana kanga kwenye pindo. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko.

"Mama Pindo! Pindo lenyewe liko wapi?"

"Alipwe nusu!"

"Usimpelekee sare ya mtoto, atarudi na bukta!"

Aliwaacha wacheke. Wakimcheka yeye hawatazami viatu. Machozi yalimdondokea kwenye vidole, aibu na hofu pamoja, akaendelea kubana pini moja moja. Mguu wa mdogo wake ulikuwa karibu na mkono wake, unatetemeka mpaka kisigino kinagonga sakafu. Kabla hajafunga pini ya mwisho aliupitisha mkono chini ya kanga, akaushika, akauachia.

*

Mke na mume walirudi nyumbani. Gundi alivua koti, akaketi kitandani.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ada ya mtoto, ile uliyoniambia kakopa kwa mwajiri wake..."

"Ndiyo hiyo."

Gundi aliziba uso kwa mikono. "Nimekula," alisema ndani ya viganja. "Nimekaa mezani nikala, nikasema Mungu akutangulie."

"Ulitaka nikwambie, umfukuze? Angekwenda wapi?"

"Nilitaka nisifanywe mjinga ndani ya nyumba yangu!" Alinyanyua sauti, akaishusha papo hapo, akachungulia dirishani. Nje palikuwa na mtoto anasukuma tairi, basi. Lakini Mama Pindo aliona mumewe anavyolivuta pazia la dirisha hadi lifunge kabisa, akatambua kwamba sasa wanaogopa wawili. Haikumpunguzia kitu.

Mdogo wake alirudi alasiri, amevaa kandambili za kuazima. Viatu vilikuwa ndani ya mfuko. Hakukaa. Aliingia chumbani kwake, akaanza kukunja nguo.

"Shemeji, nisamehe. Naondoka sasa hivi, nisiwaletee balaa."

Gundi alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. Hakumtazama.

"Ukiondoka leo, umewaambia ni wewe," alisema. "Kesho utakwenda sokoni, utanunua nyanya, utasalimia watu. Utakaa mpaka wasahau." Akanyoosha mkono. "Nipe hivyo viatu."

"Shemeji..."

"Nimesema nipe viatu. Mengine sina maneno nayo."

*

Kulipokucha Mama Pindo alimkuta mumewe ameshatoka barazani, macho mekundu, amezungukwa na viatu vya wateja, vile vya shemeji yake amevificha uvunguni mwa kitanda. Alifungua cherehani yake, akajifanya anatia uzi kwenye sindano, na uzi ukakataa kuingia, ukakataa tena.

Kisu alikuja na aproni yake ya damu, ametabasamu, vijana wake wawili nyuma. Mkononi alishika kiatu chake cheusi cha kwendea mjini.

"Shikamoo fundi. Za toka jana?"

"Marahaba. Salama."

"Na yule shemeji yako mpishi, hajambo? Jana sikumwona mkutanoni."

"Alikuwa kazini," alisema Gundi. "Leo kaenda sokoni. Utakutana naye."

"Inshallah." Kisu akakiweka kiatu juu ya benchi, taratibu. "Nishonee ukanda huu. Lakini nakuomba, kwa uzi wa kahawia. Ule kama wa jana."

Uzi ukamponyoka Mama Pindo. Gundi alikichukua kiatu, akakigeuza, akafuta vumbi kwa kiganja. Kisha akainama, akainua kidonge kizima cha uzi wa kahawia kutoka kwenye sanduku lake.

"Huna haja ya kuniomba," alisema. "Mweusi haupatikani. Mwaka huu mtaa mzima mtavaa kahawia."

"Jana ulisema ni uchafu."

"Ni uchafu. Sasa nifanyeje, nishone kwa nywele? Tazama mwenyewe."

Akaonyesha kwa kidole. Kisu akatazama viatu vilivyopangwa chini ya baraza, vinangoja wenyewe: kiatu cha mwalimu wa dini, raba za karani, ndala za muuza mboga, buti la askari. Kila kimoja kilikuwa na mshono wa kahawia, mbichi, unaong'aa kwa nta. Akaokota kimoja, akakirudisha. Akaokota kingine.

Gundi hakumngoja. Alichoma shazia, sindano yake nene, akavuta uzi, akachoma tena, taratibu. Mama Pindo alijua kidonge cha uzi mweusi kiko wapi. Mumewe alikuwa amekikalia.

"Tayari," alisema Gundi, akakata uzi kwa meno. "Vaa, nione kama hakikubani."

Kisu akavaa. Alisimama kidogo anatazama mguu wake mwenyewe, na kijana mmoja nyuma yake akacheka, kisha akaona afadhali asicheke. Alilipa, akaondoka. Kufika barabarani alisimama, akageuka, akaitazama nyumba yao kuanzia paa hadi kizingiti, ndipo akaenda zake.

Walimfuata kwa macho mpaka alipoishia kwenye kona.

"Ameamini?" Mama Pindo alinong'ona.

"Sijui."

Jua lilikuwa halijapanda sana karani alipofika na pazia, amelikunja ovyo na pini zote ndani, anafoka. Wakubwa wamelalamika. Wiki ijayo wanakwenda mtaa wa pili, kuna mashahidi wengine, na alirefushe bure, hatoi hata senti. Mama Pindo akalipokea kwa mikono miwili, akasema sawa.

Gundi alingoja mpaka karani amekwenda na raba zake zenye mshono mpya. Mkewe alikuwa ameshatoa kitambaa cha kuungia na mkasi, anatafuta pa kukata.

"Muswada wao mimi bado siutaki," alisema Gundi, akiwa ameinamia buti.

"Najua."

"Na huyo mdogo wako bado sijui nitamwangaliaje."

"Najua, baba."

Aligonga msumari mmoja, akagonga wa pili. Kisha akalisukuma kwa mguu beseni lake la kulowekea ngozi, likaburuzika barazani mpaka kwenye cherehani.

"Safari hii," alisema, "loweka kwanza."